Kifungo cha Chini

Tulimwacha Fundi amesimama mbele ya meza ya mkuu wa gereza, mdomo wazi, na swali moja likimsubiri: ni nani aliyeuiba mkasi mkubwa wa karakana ya ushonaji?

Wiki nzima wasomaji mmenisumbua. Mmoja aliniapia kwenye foleni ya benki kwamba Fundi hawezi kumsingizia mtu, kwa sababu ana moyo. Mama mmoja wa heshima zake alinionya kwamba Fundi akisema uongo, gazeti hili ataanza kulifungia sabuni.

Basi mama, tafuta sabuni.

"Ni Mpishi," Fundi alisema. "Nilimwona kwa macho yangu."

Bwana Mkuu akaegemea kiti chake. Mpishi mwenyewe, mfungwa mzee mwenye mikono iliyobabuka kwa mvuke wa masufuria, alikuwa amesimama pale pale kando ya dirisha, kofia ya jikoni mkononi. Kila mtu akangoja akane. Hata mwizi hukana, sembuse aliyesingiziwa.

Mpishi alimtazama Fundi usoni, hana hasira wala mshangao.

"Haya," akasema.

Akavaa kofia yake, akawafuata askari kwenda chumba cha adhabu. Humo angekaa peke yake mpaka aseme mkasi ameuficha wapi.

Mlangoni alikuwa amesimama Shemeji, na kwa aliyejiunga nasi leo, huyu ndiye mtu wa kumchunga. Shemeji ni nyapara, mfungwa aliyepewa kuwasimamia wafungwa wenzake. Kwake kila mtu ni shemeji: askari shemeji, daktari shemeji, mwizi wa kuku shemeji, ingawa hakuna hata mmoja aliyempa dada. Mgeni akija kumwona mfungwa, Shemeji ndiye aliyetumwa ndani kumwita. Karakana nayo ilikuwa chini yake, kwa hiyo lawama ya mkasi ule asipopatikana wa kuibeba, angeibeba yeye.

Siku hiyo alikuwa na sweta lake la bluu, lile zuri lililofumwa kwa mkono. Alimshika Fundi bega, wakatembea pamoja ukumbini.

"Umefanya la kiume, shemeji."

"Nimemmaliza mzee wa watu. Alikuwa karibu kutoka."

"Na wewe sasa uko karibu. Bwana Mkuu ameahidi, utapunguziwa kifungo."

"Nikitoka niende kwa nani?"

"Kwangu! Una nani mwingine?" Shemeji akashusha sauti, akaifanya laini. "Au umesahau maneno ya dada yako?"

Fundi hakuwa amesahau. Alifungwa kwa kuwashonea majambazi magwanda ya askari bila kuuliza ni ya nini, na alijua kosa lake. Lakini tangu aingie hakuna aliyekuja kumwona. Mara moja tu Shemeji alirudi kutoka getini ameinamisha kichwa, akamwambia: "Dada yako alikuja. Hakukaa. Amesema kifungo amekuachia umalizie mwenyewe."

Maneno hayo Fundi alilala nayo na kuamka nayo. Dada ndiye aliyemlea. Ikiwa dada amesema hivyo, dunia nzima imesema.

Siku za wageni, wenzake walipokuwa wakiitwa kwa majina, Fundi alibaki karakana akikanyaga cherehani isiyo na kitambaa, ili kelele zake zimzibe masikio. Shemeji alikuja akakaa naye, akamletea sigara, akamwita ndugu. Upweke ni njaa, na mwenye njaa haulizi sahani imetoka wapi. Ndiyo maana alipoombwa kusema "nilimwona Mpishi", alisema.

Mambo yakaenda haraka. Shemeji, kwa kumpata mwizi wa mkasi, alipandishwa cheo akawa nyapara mkuu. Akapewa kiti na kivuli cha kukalia. Jikoni akawekwa mtu mwingine, na tangu siku hiyo maharage yakaja yameungua chini na mabichi juu. Wafungwa walimlaani Mpishi kwa kuiba mkasi, kisha wakamlaani zaidi kwa kutokuwepo.

Na getini, mahali pa Shemeji, akawekwa mfungwa aliyeitwa Tarumbeta. Huyu hakuwa na hila hata moja. Alikuwa na sauti tu.

Siku ya wageni ikafika. Fundi akaketi, akaanza kukanyaga cherehani tupu.

"Fundi!" Madirisha yalitikisika. "Fundi, una mgeni!"

Fundi akazidi kukanyaga.

Tarumbeta akaingia mpaka ndani, akashika gurudumu la cherehani kwa mkono. "Wewe una masikio au una mapambo? Dada yako yuko getini."

"Si wangu. Wangu alisema hataki kuniona."

"Basi amekuja kuutazama ukuta wetu? Inuka, watu wanangoja zamu."

Fundi aliinuka kama mtu aliyeitwa kwenda kuitambua maiti.

Chumba cha wageni kilikuwa na wavu wa chuma katikati, benchi huku na benchi kule, na askari mmoja aliyepiga miayo pembeni. Upande wa pili aliketi dada yake, bado na aproni ya kazini. Ni dobi wa hospitali, na sabuni ilikuwa imempasua vidole. Alikuwa amekonda.

"Leo umekubali kutoka," dada akasema. Hakusalimu.

"Kukubali nini, dada?"

"Usinifanye mjinga, mdogo wangu. Kila siku ya wageni naomba ruhusa kazini, nakuja, nakaa kwenye lile benchi la nje. Yule bwana mpole anaingia ndani, anarudi: 'Samahani sana, shemeji, amekataa. Anaona aibu.' Nikasema aibu itaisha. Nikaja tena. Nikaja tena. Leo nimekuja kukuaga. Nilitaka kukwambia kwamba siji tena."

Fundi akaushika wavu. "Mimi sijawahi kuitwa. Wewe ndiye uliyenikataa."

"Mimi?"

"Ulituma maneno. Ulisema kifungo umeniachia nimalizie mwenyewe."

Dada akakunja uso. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepotezwa njia.

"Ndiyo, nilisema! Sasa ulitaka nikishone mimi? Mimi na vifungo wapi na wapi? Si wewe mwenyewe uliyenikataza nyumbani, ukasema kufuma nifume, lakini nikishona kifungo leo, kesho kinaogelea kwenye mchuzi?"

Fundi hakuelewa. Au alielewa, akaogopa kuelewa.

"Kifungo cha sweta," dada akasema polepole, kama anayesema na mgonjwa. "Nilikufumia sweta, huko ndani nasikia kuna baridi. Vifungo vinne nilijitahidi, vikalegea vyote. Cha chini nikaona nisijiaibishe. Nikakizungushia uzi, nikakitia mfukoni, nikampa yule bwana sweta mkononi mwake. Nikamwambia, 'Mwambie kifungo nimemwachia amalizie mwenyewe.' Nilijua utacheka."

Msomaji, umeona? Fundi mzima, mtu aliyekulia chini ya meza ya kukatia nguo, neno kifungo likamfikia masikioni akasikia jela peke yake! Na Shemeji hakubadilisha hata neno moja. Maneno aliyafikisha kama yalivyo. Alichobakiza ni sweta.

"La rangi gani?" Fundi aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Bluu. Kwani hukulipata?"

Alilipata. Alilishika kwa mikono yake miwili. Shemeji alikuwa amemletea karakana, akamwomba kwa upole amshonee kifungo cha chini, hiki hapa mfukoni, kimezungushiwa uzi. Fundi akakishona. Akavikaza na vile vinne vingine, kwa hisani. "Aliyeshona hivi hajui kazi," alimwambia Shemeji siku ile, wakacheka wote wawili mpaka machozi.

Sasa alilia tena, safari hii peke yake, paji la uso kwenye wavu, bila kujificha. Askari akaacha kupiga miayo.

"Nyamaza," dada akasema, na yeye analia. "Nyamaza, mdogo wangu. Tumeshaonana. Utatoka lini?"

"Karibuni. Nimepunguziwa."

"Wamekupunguzia kwa jema gani?"

Fundi angeweza kusema "kwa kazi nzuri". Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umekwisha kunyooshwa. Lakini alimtazama dada yake, akaona benchi la nje na siku zote zile, akamweleza: mkasi, Mpishi, na lile "nilimwona kwa macho yangu".

Dada aliondoa mkono wake kwenye wavu.

"Huyo mpishi ana mtu huku nje?"

"Ana mke. Alikuwa akimsema sana zamani."

"Basi yuko mwanamke mwenzangu kwenye benchi."

"Dada, nikienda kusema kweli, punguzo langu linapotea. Wataniweka kwenye chumba cha adhabu. Hutaruhusiwa kuniona, sijui mpaka lini."

"Nilikuja nikidhani hunitaki," dada akasema. "Sasa najua unanitaka, ndiyo nishindwe kungoja?"

Kengele ikalia. Dada akainuka, akafunga aproni yake vizuri, akatoka. Mlangoni aligeuka, akanyanyua vidole vyake vilivyopasuka.

Fundi hakurudi karakana. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Bwana Mkuu, na alimkuta akiisukumia kando sahani ya maharage yaliyoungua.

"Nilisema uongo, afande. Sikumwona Mpishi. Sikumwona mtu yeyote."

Bwana Mkuu akaweka kijiko chini. "Mpishi hakukana."

"Angekana kwa nani? Nani angemsikiliza mfungwa?"

"Nani alikutuma?"

"Shemeji. Na tena, afande, huwa anawarudisha wageni getini. Dada yangu..."

"Hayo ya wageni tutayatazama." Bwana Mkuu alisema haraka kidogo kupita kawaida, na msomaji mwenye masikio asikie. "Nikimtoa Mpishi, unaingia wewe mahali pake. Punguzo lako lisahau. Na huenda ukaongezewa. Fikiri, kisha useme kwamba umechanganyikiwa, nami nitasahau kwamba uliingia humu."

Ulikuwa mlango mpana na ulikuwa wazi. Fundi aliutazama mlango huo, msidhani hakuutazama.

"Kifungo nitamalizia mwenyewe," akasema.

Bwana Mkuu akaangalia tena sahani yake. Sijui kama ni haki iliyomsukuma au ni tumbo. Akawaita askari wa mlangoni. "Mpeni huyu chumba. Na Mpishi arudi jikoni leo hii, tutakufa kwa maharage haya."

Vyumba vya adhabu viko nyuma kabisa, pasipofika hata kelele za uwanjani. Kila chumba kina sakafu, ndoo, na mlango wa chuma wenye kitundu cha kupitishia sahani, usawa wa tumbo la mtu. Fundi aliposukumwa ndani, ukimya ulimkumba, hakuna hata cherehani ya kuuziba. Lakini kwa mara ya kwanza tangu afungwe, moyo wake ulikuwa na mtu ndani yake. Aliketi, akautazama ukuta, akajikuta anatabasamu.

Chini ya ukuta palipita bomba la maji taka, na pembeni ya bomba palikuwa na upenyo. Kwenye upenyo ule ilisikika pumzi ya mtu.

"Mpishi?"

Fundi akalala kifudifudi, mdomo karibu na upenyo.

"Mpishi, ni mimi Fundi. Nimekwenda kusema kweli. Nimesema kwamba nilikusingizia. Wanakuja kukutoa. Nisamehe, mzee wangu."

Fundi akaanza kudhani amezungumza na bomba. Kisha Mpishi akasema, kwa sauti kavu ya mtu ambaye hajaitumia.

"Nani alikuomba?"

"Dhamiri yangu. Nilimfikiria na mkeo, anakungoja."

"Mke gani?" Mpishi akakohoa. "Mke wangu wamemzika. Alikuja hapa getini mpaka miguu ikavimba. Shemeji akimwambia nimemkataa, na mimi akiniambia ameolewa. Nimekuja kuyajua kwa mfungwa mmoja mgeni, mtu wa mtaa wetu. Aliniambia alikuwepo mazikoni, akanipa pole. Akadhani najua."

Fundi akaegemeza kichwa ukutani.

"Kwa hiyo hukunisingizia," Mpishi akaendelea. "Hukuniona, lakini hukunisingizia. Mkasi niliuchukua mimi."

"Wewe?"

"Uko kwenye pipa la unga, chini kabisa. Askari wamepekua mpaka kwenye masizi, lakini nani atatia mkono kwenye unga achafue gwanda lake? Niliuchukua kwa ajili ya Shemeji. Nilikuwa nangoja siku apite jikoni peke yake. Ulipotaja jina langu kwa Bwana Mkuu nikasema haya, labda Mungu hataki. Uongo wako ulimwokoa Shemeji, Fundi. Nikaanza hata kushukuru."

"Usifanye hivyo, mzee wangu. Nakuomba. Watakunyonga."

"Nani atalia?"

Swali hilo Fundi alilijua. Alikuwa amejiuliza mwenyewe juu ya cherehani tupu, siku baada ya siku, mpaka leo asubuhi.

"Mimi," akasema. "Mimi nitalia."

Mpishi akasogea karibu na upenyo. Huenda angejibu. Huenda jibu lile lingebadilisha kila kitu. Lakini funguo ziligongana ukumbini, mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa kwa kishindo.

"Mpishi, toka! Umesafishwa. Kanawe mikono, uingie jikoni."

Nyayo za mzee zikapita mbele ya mlango wa Fundi, zikasimama kidogo. Kwenye kitundu ikaja sauti ya chini kabisa.

"Ukisema, utakuwa umeniuza mara ya pili. Na safari hii kwa ukweli."

Kisha nyayo zikaenda zake.

Fundi akauparamia mlango, akaupiga kwa ngumi zote mbili. "Afande! Afande! Njoo!"

Hakuna aliyekuja. Akapiga mpaka vifundo vya vidole vikachubuka. Akapiga mpaka sauti ikakauka. Halafu akasikia viatu, taratibu, viatu vya mtu asiye na haraka na dunia.

"Kelele za nini, shemeji?"

Kwenye kitundu hakuonekana uso. Ilionekana bluu. Na katikati ya bluu, usawa wa tumbo, kifungo cha chini, kimeshonwa kwa uzi uliopitishwa mara mbili na kufungwa kwa fundo dogo ambalo Fundi peke yake hulifunga.

"Bwana Mkuu amenieleza yote uliyonisema," Shemeji akasema kwa upole wake ule ule. "Sina kinyongo, ndugu yangu. Upweke humfanya mtu aropoke. Nitakuja kukaa nawe kidogo, kama zamani. Ila sasa hivi nina mwito jikoni. Mpishi amerudi, na mtu wa kwanza kumwita ni mimi! Anataka nikaonje chumvi. Anasema niende peke yangu, tumalize tofauti zetu."

Fundi alikitazama kifungo. Alimwona dada akifuma wakati wa mapumziko, kati ya mashuka ya wagonjwa. Alimwona mwanamke asiyemjua, miguu imevimba, akiinuka kwenye benchi na kurudi nyumbani. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Hakuna mahakama duniani inayomshtaki mtu kwa kutosema kitu kupitia kitundu.

"Ulitaka kuniambia neno, shemeji?" Viatu vikageuka kuelekea jikoni. "Sema upesi, mzee ananingoja."

Fundi akafungua mdomo.